Nyumba ya Chiku Juu ya Kifusi

Zamani, ingawa si zamani sana, maana baadhi ya waliohusika bado wanafunguliwa milango ya magari, palikuwa na nchi moja iliyojaaliwa kila kitu isipokuwa nafasi. Jina lake halitajwi hapa. Wenyewe wanalijua, na wasio wenyewe watalikisia.

Mji mkuu wa nchi hiyo uliitwa Msongo, na mtaa uliobanana kuliko yote mjini Msongo uliitwa Mtaa wa Nafasi. Jina hilo lilitolewa na serikali, ambayo iliona kwamba kama watu hawawezi kupewa kitu chenyewe, si vibaya wakipewa jina lake. Huko Nafasi watu walilala kwa zamu. Mtu akitaka kujinyoosha, aliwapa jirani zake taarifa mapema. Na mpangaji akipiga chafya, aliyemtakia afya alikuwa mtu wa nyumba ya pili.

Katika nyumba moja ya mtaa huo alikaa Siwema, fundi cherehani, mjane wa makamo, mwenye mkono mwepesi wa kushona na jicho jepesi la kuona. Mlango wake ulitazamana na wa shoga yake Chiku, mpika vitumbua, aliyekaa na mumewe Ngwali, fundi rangi, mtu mpole ambaye maneno yake yote ya wiki yangeenea ndani ya kikombe cha kahawa. Milango hiyo miwili ilifunguka kwa nje, na ukumbi ulikuwa mwembamba, kwa hiyo haikuwezekana ifunguke yote kwa pamoja.

"Shoga, natoka," Siwema alisema kila asubuhi.

"Toka, mwenzangu. Mimi nangoja."

Waliishi hivyo tangu wote wawili ni mabibi harusi. Siwema alipofiwa, Chiku ndiye aliyempikia mpaka eda ikaisha. Chiku alipougua, Siwema ndiye aliyemchomea vitumbua akamuuzia, ingawa vilitoka vigumu na wateja walinung'unika. Siwema hakuwa mtu wa roho mbaya. Wivu wake ulikuwa wa kawaida, wa ndani ya nyumba: Chiku akinunua sufuria mpya, Siwema alikula chakula cha siku ile bila hamu, kesho yake aliiazima sufuria ile ile, moyo ukatulia. Kwa kuwa katika mtaa ule hakuna aliyekuwa na kitu ambacho mwenzake hawezi kukiazima, wivu ulizunguka kama hewa na haukumdhuru mtu.

Hapo ndipo serikali ilipoamua kuwasaidia.

*

Waziri wa Kuongeza Nchi, Mheshimiwa Dakta Ubwa Makeke, alikuja mwenyewe kupokea maoni ya wananchi. Mkutano ulifanyika katika uwanja wa shule, na watu walijaa mpaka wanafunzi wakabaki madarasani wasiweze kutoka kwenda kukojoa.

"Ndugu zangu," alisema Mheshimiwa, "nchi imetuishia. Wapo wanaosema tupunguze watu. Serikali yenu, kwa huruma yake, imekataa. Wataalamu wetu wamekaa, wakasafiri, wakakaa tena huko walikosafiri, na wamegundua kwamba bahari si kitu kingine ila ni ardhi iliyolowa. Tutaikausha. Tutaifukia kwa kifusi, na juu yake tutajenga nyumba za wanyonge, zenye upepo, zenye madirisha yanayotazama mbali."

Watu wakapiga makofi, wale walioweza kukutanisha viganja.

"Sasa natoa uhuru kamili wa maoni. Anayeunga mkono na anyooshe mkono mmoja. Anayeunga mkono sana na anyooshe yote miwili."

Uwanja ulikuwa umejaa kiasi kwamba watu walikuwa wameinua mikono tangu walipoingia, kwani hapakuwa na mahali pa kuiteremsha. Mheshimiwa aliutazama msitu ule wa mikono, akafuta machozi, akatangaza kwamba katika historia ya nchi hakuna jambo lililowahi kuungwa mkono namna ile. Siwema naye alikuwemo, kiwiko chake kikiwa shingoni mwa Chiku. Lakini yeye, hata angepata nafasi ya kushusha mkono, asingeshusha. Alikuwa ameyapenda yale madirisha.

Kifusi kilitafutwa, kikapatikana katika Kilima cha Upepo, kaskazini mwa mji. Kilima kilikuwa na watu juu yake, lakini jambo hilo lilitatuliwa upesi: watu walihamishiwa Mtaa wa Nafasi, na kilima kikahamishiwa baharini. Mtaa ukazidi kubanana, na Mheshimiwa akautaja bungeni kama ushahidi wa jinsi mradi ulivyohitajika.

Malori yakamwaga, matingatinga yakasawazisha. Pale palipokuwa na kina cha maji pakaota ulimi wa ardhi nyekundu, na juu ya ulimi huo ukasimama mstari wa nyumba nyeupe zenye vigae vya buluu. Ukaitwa Mtaa wa Fahari.

Nyumba ziligawiwa kwa bahati nasibu, hadharani, kutoka ndani ya pipa. Bahati, kama ijulikanavyo, hupenda kwenda kwa watu inaowafahamu. Siku ile ilimfikia mama mkwe wa waziri, ikamfikia shemeji wa waziri, ikamfikia dereva wa shemeji, na wengine wengi waliokuwa damu moja na bahati. Lakini wapiga picha walikuwepo, na nyumba zilikuwa za wanyonge, kwa hiyo ilibidi mnyonge mmoja apatikane. Mheshimiwa akazamisha mkono ndani ya pipa, akatoa kikaratasi, akasoma.

"Chiku binti Faraji, mpika vitumbua, Mtaa wa Nafasi."

Chiku alizimia. Hakuanguka chini, kwa sababu ya msongamano. Watu walimdaka wakampitisha juu ya vichwa mpaka jukwaani. Wa kwanza kumdaka alikuwa Siwema. Alimshika kwa mikono miwili, akalia, akapiga kigelegele, na katikati ya kigelegele kile akahisi kitu kikimchoma chini ya titi la kushoto, kama sindano ya cherehani iliyovunjikia mwilini.

*

Chiku akahama. Chumba chake kikachukuliwa na familia moja kutoka kilimani, watu wema lakini wageni. Asubuhi ya kwanza Siwema alisema, "Natoka," na hakuna aliyemjibu. Akafungua mlango, ukagonga wa wenzake, chai ya mtu ikamwagika.

Mjini nako mambo yaligeuka. Watu ambao hawakuwahi kulowesha hata kisigino walianza kusema bahari ni mama yao. Bwana mmoja muuza betri aliapa kwamba babu zake wote walizikwa majini. Mtafiti wa serikali aliyetumwa kupima mtazamo wa wananchi alirudi na matokeo ya kushangaza: waliopata nyumba walitaka bahari ifukiwe, lakini iishie hapo walipofika wao, upepo usije ukazibwa, na waliokosa hawakutaka ifukiwe kabisa, mpaka hapo watakapopata. Wizara ilimshukuru mtafiti kwa kazi yake na kumpangia kazi nyingine, mbali.

Chiku hakumsahau shoga yake. Alikuja kumtembelea amejifunga kanga mpya iliyoandikwa HASIDI HANA SABABU. Siwema akampokea akiwa na yake, nayo ilisema MPANDA NGAZI HUSHUKA. Waliulizana hali, wakaulizana habari za nyumbani, wakaambiana kanga zimewapendeza. Kila mmoja alikuwa anajua kusoma.

"Na wewe uje unione," alisema Chiku alipoaga. "Usije ukasema nimekutupa."

Siwema akaenda, na Chiku akamtembeza. Hapa ndipo sebuleni, hapa ndipo tunapolala, hili jiko, maji yanatoka ukutani yenyewe. Siwema alisema mashallah kila alipoonyeshwa kitu, na kila mashallah ilimkwaruza koo. Hata hivyo alivumilia. Alilivumilia bomba, akavivumilia vigae, akamvumilia Ngwali aliyekuwa ameanza kunenepa. Kisha Chiku akafungua mlango wa mwisho.

Kilikuwa chumba kitupu. Hakikuwa na kitanda, wala ndoo, wala mtu. Mwanga wa jua ulikuwa umejilaza sakafuni bila kugombania nafasi na yeyote.

"Na hiki cha nini?" aliuliza Siwema.

"Hicho?" Chiku akakitazama kama mtu anayetazama mtoto wa jirani. "Hicho hatujajua bado."

Siwema akarudi nyumbani kwa miguu. Mtu kuwa na kitu ni jambo la kawaida, Mungu hugawa. Lakini mtu kuwa na kitu asichokijua cha nini, hilo hakuwahi kuliona, hata kwa matajiri wa kwenye televisheni. Aliketi kwenye cherehani akashona mkono wa gauni la mteja mahali pa shingo. Alipopika, alipakua ugali akautazama, akasikia maneno yale mawili yakimwambia, hatujajua bado, hatujajua bado, mpaka ugali ukaota ngozi.

*

Haukupita muda Mheshimiwa akaitisha mkutano mwingine, wa kupokea maoni baada ya jambo kwisha, kama sheria ya nchi ile ilivyotaka. Siwema akaomba kusema. Alipewa kipaza sauti kwa sababu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye uso wa upole.

"Ile ardhi inazama," alisema.

Watu wakageuza shingo kumtafuta aliyesema.

"Nimekwenda kwa miguu yangu. Nimesikia sakafu ikiguguna kama panya ndani ya kabati. Zile nyumba zinakwenda chini, kidogo kidogo, na wanaokaa humo wanakwenda nazo."

Hakuwa amesikia kitu. Sakafu ya Chiku ilikuwa kimya kama msikiti siku ya kazi. Lakini alipokuwa anasema, ile sindano chini ya titi ililegea kwa mara ya kwanza, na umati wa waliokosa ukashangilia mpaka vumbi likapanda.

Mheshimiwa hakukasirika. Alitabasamu.

"Mama, wewe ulipata nyumba?"

"Sikupata."

"Ahsante." Akaugeukia umma. "Ndugu zangu, mmesikia. Mwenye nyumba hajasema inazama. Asiye na nyumba ndiye anayeiona inazama. Ni kuzama kwa namna gani huku, kunakoonekana kwa macho ya waliokosa peke yao? Taifa letu halina tatizo la ardhi tena. Lina tatizo la wivu."

Ikaundwa Kamati ya Kitaifa ya Kupambana na Wivu, ikapewa jengo, magari, na bendera yake. Mabango yakabandikwa mji mzima: MWENYE WIVU ANYWE MAJI YA BAHARI. Tangu hapo, mwananchi akilalamika juu ya lolote, alipelekwa kwenye Kamati akapewe ushauri nasaha. Mwalimu mmoja aliyesema darasa lake halina paa aliulizwa ni paa la nani analolionea wivu. Alipokosa jibu, ilionekana ugonjwa wake umefika mbali.

Siwema, kwa kuwa ndiye mgonjwa wa kwanza, alipewa afisa wake peke yake, Bwana Kitete, mtu wa makamo aliyevaa tai fupi na viatu virefu. Alikuja chumbani kwa Siwema kila Ijumaa, wakaketi magoti yakigusana, maana hapakuwa na namna nyingine.

"Mama, ukiiona nyumba ya mwenzio, unajisikiaje?"

"Vibaya."

"Vibaya vipi? Kama kiungulia, au kama kichomi?"

"Kama sindano."

Bwana Kitete akatafakari. "Mimi huanza kama kiungulia," alisema polepole. "Halafu hupanda kichwani. Yule shemeji wa waziri nilisoma naye. Hakuwa anajua hata kujumlisha."

Wakanywa chai. Hayo ndiyo yalikuwa matibabu.

*

Baada ya yale ya mkutanoni Chiku hakukanyaga tena Mtaa wa Nafasi. Siwema alijua amekosa, lakini alikuwa na kiburi cha mkosaji, kile kinachomfanya mtu angoje kuombwa msamaha yeye. Ndipo asubuhi moja akamwona Ngwali amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Shemeji. Chiku anataka mapazia."

"Mji huu una mafundi wangapi, mpaka anitake mimi?"

"Wengine wataongea," alisema Ngwali.

"Mapazia ya madirisha gani?"

"Si ya madirisha."

Siwema akachukua futi na mkasi, akaenda. Chiku alimpokea bila kumtazama usoni.

"Nataka ukuta huu wote, na ule, na kile chumba kule nyuma chote."

"Pazia bila dirisha?"

"Ndiyo mtindo wa huku."

Sindano ikamchoma Siwema. Kwao watu hawana shuka la kutosha, huku kuta zinavalishwa. Akaingia katika kile chumba kitupu, akapiga magoti apime. Rili ya uzi ikamponyoka. Ikaviringika sakafuni, na badala ya kusimama ikaendelea kuviringika, ikaongeza mwendo, ikafika kwenye pembe ya upande wa bahari, ikapotea. Siwema akaifuata. Penye pembe palikuwa pametundikwa kanga. Akaiinua.

Nyuma yake palikuwa na ufa. Aliupeleka mkono, mkono ukaingia wote mpaka kwenye kifundo, na ndani mlikuwa na baridi na harufu ya chumvi. Ngwali alikuwa ameupaka ufa ule rangi nyeupe, vizuri, hata kwa ndani.

Kitu cha kwanza alichokihisi Siwema, na lazima kisemwe, kilikuwa furaha. Ilimjia kama maji ya moto kwa mtu aliyetoka kwenye mvua. Nyumba ilikuwa inazama. Chumba kisichojulikana cha nini kilikuwa kinazama. Alipiga magoti pale akaifaidi furaha yake, na ni pale alipoutoa mkono na kuuona umelowa ndipo alipokumbuka kwamba ndani ya nyumba ile hulala Chiku.

Chiku alikuwa amesimama mlangoni.

"Shoga," alisema Siwema, "nyumba yako inazama."

"Nyumba mpya hujinyoosha. Wizara imetueleza."

"Mkono wangu umeingia wote."

"Una mkono mwembamba."

"Chiku."

"Furahi basi. Unataka nini tena? Ulisema mbele ya mji mzima inazama, nayo imekutii."

"Mimi nilisema uongo. Sikuwa nimeona kitu. Nilisema kwa ajili ya hiki chumba."

"Kimekufanya nini?"

"Hamkujua cha nini."

Chiku akakitazama chumba, akaegemea mlango. Kwa mara ya kwanza Siwema aliona jinsi alivyokonda.

"Rudi nyumbani," alisema Siwema.

"Nirudi wapi? Nikapange kando ya mlango wako, uniangalie kila asubuhi nikitoka na beseni la vitumbua, unicheke?"

"Sitacheka."

"Siwema."

Walijuana mno. Angecheka.

Ngwali alipita na kopo lake la rangi, akasimama. "Bamvua iliyopita, maji yalikuwa yanalia chini ya kitanda," alisema. "Jumapili alasiri mwezi utakuwa mpevu, na maji yatajaa kuliko siku ile." Akaenda zake. Hayo yalikuwa maneno yake ya wiki nzima, na mkewe alijifanya hakuyasikia.

*

Ijumaa, Bwana Kitete alipokuja, Siwema hakumngoja aketi.

"Bwana Kitete, nyumba za Fahari zinazama. Safari hii ni kweli."

"Kwani ile ya kwanza ilikuwa uongo?"

"Ile ya kwanza ilikuwa wivu."

"Na hii?"

Siwema alikuwa mtu mkweli alipobanwa. "Hii ni wivu na kweli."

Bwana Kitete akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Mama, hapo unanipa kazi ngumu. Wivu tunao utaratibu wake. Kweli nayo ipo ofisi yake, ingawa imefungwa kwa ukarabati. Lakini vyote viwili kwa pamoja serikali haina pa kuvipeleka."

"Kuna watu mle ndani."

"Na mama mkwe wa waziri yumo. Unadhani ingekuwa inazama, angeachwa?" Akafikiri kidogo. "Labda usinijibu hilo."

Siwema akamimina chai. Alifikiri mpaka yake ikapoa. Alimfikiria Chiku, aliyemjua kama anavyoijua sauti ya cherehani yake. Chiku hatatoka kwa kuogopa maji. Hatatoka kwa kuombwa. Kuna kitu kimoja tu duniani kitakachomtoa Chiku ndani ya nyumba, na Siwema alikuwa anakijua vizuri, kwa sababu kilikuwa kinakaa hata kwake.

"Bwana Kitete, nikwambie siri?"

"Mimi nimeapishwa kutunza siri za serikali."

"Basi hii ni ya serikali. Wizara imenipa nyumba. Ili nipone. Iko huko juu, nyuma ya hospitali, kubwa kuliko zote za Fahari. Ina vyumba viwili ambavyo hata waliojenga hawajui vya nini. Jumapili alasiri nakaribisha watu hapa, tule, kisha niwapeleke wakaione. Lakini watu wa Fahari sitaki wajue. Na zaidi ya wote, Chiku."

Bwana Kitete hakuambiwa kitu na wizara yake hata siku moja, kwa hiyo hakuona ajabu kutoambiwa hili. Alishika kifua. Kiungulia kilikuwa kimeanza. Akaaga bila kumaliza chai, na adhuhuri haijafika, mji mzima ulikuwa umepata habari. Siwema aliposema kweli, hakuna aliyemsadiki. Uongo huu haukuulizwa hata swali moja.

*

Jumapili wanawake wa Nafasi walichanga walichonacho, wakainjika pilau uani. Siwema alisimama kwenye kizingiti cha nje, akitazama njia.

Wa kwanza kufika alikuwa dereva wa shemeji wa waziri, pamoja na mkewe. Walisema wanapita tu. Mtaa wa Nafasi haupitiki, lakini Siwema akawakaribisha. Kisha akaja shemeji mwenyewe, amevaa miwani ya jua. Kisha mama mkwe wa waziri, amebebwa kwenye kiti na vijana wawili, akasema amekuja kumwona mgonjwa, ila hakumtaja ni nani. Wakaja wengine, na wengine, mpaka Mtaa wote wa Fahari ukawa umo ndani ya ua mmoja wa Nafasi, umejipamba kwa dhahabu, umeinua mikono kwa kukosa pa kuishusha, kila mmoja akichungulia juu ya bega la mwenzake kuitafuta nyumba iliyo kubwa kuliko yake.

Chiku hakuwepo.

Jua lilikuwa limeteremka upande wa alasiri. Siwema akafunga kanga vizuri atoke akamfuate mwenyewe, amburute kwa nywele ikibidi, na alipofika kwenye kona akakutana naye. Chiku alikuwa amevaa kila alichonacho. Nyuma yake alifuata Ngwali, ana doa la rangi sikioni.

"Sikualikwa," alisema Chiku. "Nimekuletea mkasi wako. Uliusahau."

"Ahsante. Ingia."

"Siingii. Nyumba iko wapi?"

"Kula kwanza."

"Siwema, iko wapi nyumba?"

"Hakuna nyumba," alisema Siwema. "Ingia ule."

Uso wa Chiku ulinawiri. Haukuweza kujizuia, ulifunguka kama ua, hakuna nyumba, hakuna vyumba viwili. Kisha ukajifunga polepole, na macho yakamtazama Siwema kwa namna nyingine.

"Umenidanganya ili nitoke."

Kilisikika kishindo, wala si kikubwa, kama cha mtu mnene anayejiweka kwenye kochi. Halafu kingine. Vijana wakapanda juu ya bati la choo, na kutoka pale wakaanza kusimulia waliyoyaona, na sauti zao zikazidi kupungua. Zile nyumba nyeupe zilikuwa zinainama moja baada ya moja kuelekea majini, kwa adabu, kama waheshimiwa wanaompisha mkubwa wao. Bahari ikazipokea bila haraka. Vigae vya buluu vikaelea kidogo, vikatawanyika.

Hakufa hata mtu mmoja. Mtaa mzima ulikuwa uani, umekuja kuona wivu.

Uani dereva alimshika mkono mkewe. Mama mkwe wa waziri, kwa mshtuko, akaomba aongezwe pilau. Chiku aliketi chini pale pale konani, juu ya vumbi, na nguo zake zote nzuri, mkasi wa Siwema ungali mkononi. Siwema akaketi kando yake. Alikuwa amejiandaa kwa siku nyingi kwamba siku hiyo ikifika atacheka, na sasa alikingoja kicheko kije, lakini hakikuja.

*

Mheshimiwa alilihutubia taifa. Alisema ardhi haijazama, imekwenda likizo. Alisema mradi umefanikiwa kupita matarajio, kwani nchi nyingine hujua kuongeza ardhi tu, wakati nchi yake imeweza kuongeza na kupunguza. Akaishukuru Kamati ya Kupambana na Wivu, ambayo kwa uangalifu wake hakuna maisha yaliyopotea, na Bwana Kitete akapandishwa cheo, akapewa tai ndefu.

Shujaa pia alihitajika, na kwa kuwa waliobaki wote walikuwa ndugu wa waziri, ilibidi awe Chiku. Alivishwa nishani ya Raia wa Kwanza Kuishi Juu ya Bahari na Kurudi. Uwanja ulijaa kama kawaida. Siwema alikuwa katikati ya umati, mikono juu.

"Mama Chiku," mtangazaji wa televisheni aliuliza, "ni nani aliyekuokoa?"

Chiku akaitazama kamera. "Ni Mungu," alisema, "na serikali yetu sikivu."

Umati ukashangilia. Siwema akaihisi sindano, pale pale, chini ya titi la kushoto.

Chumba cha zamani cha Chiku kilikuwa bado kina watu wa kilimani, kwa hiyo yeye na mumewe walifikia kwa Siwema. Ngwali alitandika mkeka ukumbini. Mchana ule, baada ya sherehe, joto lilikuwa kali, na Chiku akajitupa kitandani kwa Siwema na viatu vyake, nishani kifuani.

"Hukunitaja," alisema Siwema, akiwa ameketi ukingoni.

"Ningekutaja, wangekuuliza ulijuaje. Wangekurudisha Kamati."

"Kweli."

Chiku akageuka upande wa ukutani, upande pekee wenye ubaridi. "Na tena sikutaka," alisema.

"Najua."

Chiku alikuwa amelala, mdomo wazi, usingizi mzito wa mtu ambaye hana tena chochote cha kulinda. Siwema hakuwa amepata usingizi kama ule tangu siku ya lile pipa. Alimtazama mwenzake akivuta pumzi na kuitoa, raha mustarehe, katika kitanda kisicho chake, na roho ikamuuma, akamwonea wivu usingizi ule kuliko alivyowahi kumwonea kitu chochote. Inzi mmoja akatua kwenye paji la uso la Chiku. Siwema akamfukuza. Akachukua kipepeo cha ukindu, akasogea karibu, akaanza kumpepea, taratibu, asije akaamka.